Ua Usiopenda Meno Butu

Kabla ya kuukata ua, Makali aliketi juu ya debe lililopinduliwa mlangoni mwa stoo, mashine yake ya petroli imelala mapajani kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Alikuwa ananoa. Aliisukuma tupa kwenda mbele tu. Hakuikokota kurudi nyuma juu ya chuma hata mara moja, bali aliinyanyua, akairudisha hewani, akaisukuma tena. Waliofanya kazi karibu na stoo walijua yupo kwa kusikiliza: mkwaruzo, kimya, mkwaruzo, kimya. Alipomaliza jino la mwisho aliyafuta meno yote kwa kitambaa chenye oili, akakaza kila nati mpaka mwisho kisha akailegeza kidogo, ili visu viwili vibanane bila kugombana. Halafu alilowesha kipande cha gazeti, akakiweka katikati ya meno, akakivuta kisu kwa mkono. Gazeti liligawanyika bila kuchanika. Hapo ndipo alipovaa kofia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Makali, naye aliitika kwa sauti ya mtu anayeitwa kwa cheo. Mashine ilikuwa yake mwenyewe. Alikuja nayo begani siku alipoajiriwa na Kampuni kutunza ua wa miti uliozunguka ofisi, nyumba za wakubwa na uwanja wa majani ambao hakuna aliyeukanyaga. Ilikuwa nzito, na uzito huo aliutetea kila alipopata msikilizaji. Sanduku la gia lilikuwa la chuma cha kumimina. Visu vilikuwa vya chuma kinene, vimenolewa pande zote mbili. Kila kilichofungwa kwa skrubu kiliweza kufunguliwa.

"Mashine isiyofunguka," alikuwa akisema, "inakuficha kitu."

Ua wenyewe ulikuwa mrefu kumpita mtu, mnene, wenye majani ya kung'aa na miiba midogo. Makali akiupitia, ulibaki wima kama ukuta uliopigwa lipu. Hata jani lililokatwa nusu liliendelea kuwa bichi hadi ncha, kwa sababu kisu kikali hupita kabla tawi halijajua. Nje ya ua kulikuwa na njia ya miguu na mtaro, na baada ya hapo ilianza mitaa ya watu. Nyumba ya kwanza waliachiwa na mama yao, Makali na dada yake. Dada, ambaye alikuwa mkubwa wake, alilala chumba cha nyuma, Makali cha mbele, na uwani palikuwa na jiko la nje lenye paa la bati. Dada aliishi kwa jiko hilo. Nusu ya wafanyakazi wa Kampuni walikula chakula chake cha mchana, wakisimama, wakisifu, wakiomba mchuzi zaidi.

Siku moja Msimamizi alikuja stoo akifuatwa na gari la maboksi. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye shati la mikono mirefu, na hakuwahi kuzungumza na Makali bila kumwita mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetuletea nini, friji?"

"Mashine mpya, mzee. Za kisasa. Kuanzia leo ua unakatwa kwa hizi tu. Kampuni inataka vifaa vya aina moja."

Makali alitoa moja kwenye boksi kwa mkono mmoja, na wepesi wake ukamkera papo hapo. Rangi yake ya chungwa ilikuwa nzuri, hilo alilikubali. Alipitisha kidole gumba juu ya meno, akakipitisha tena kwa nguvu zaidi, akamwonyesha Msimamizi. Kidole hakikuwa hata na mchoro. Visu vilikuwa vya bati jembamba lililogongwa kiwandani kama vifuniko vya soda. Sanduku la gia lilikuwa la plastiki, limefungwa kwa gundi. Aliitikisa mashine karibu na sikio. Kitu ndani kikajibu.

"Hii si mashine," alisema. "Hii ni picha ya mashine."

"Inanguruma vizuri sana, mzee."

"Hata tumbo langu linanguruma. Halikati ua."

Wafanyakazi wakacheka. Msimamizi alicheka pia, kisha akaeleza kwa upole kwamba asiyetaka kutumia vifaa vya Kampuni hana kazi ya kufanya ndani ya Kampuni. Makali aliifunga tupa katika kitambaa, akaiweka mashine yake begani.

"Sijawahi kuchana jani tangu nianze kazi hii," alisema. "Sitaanza kwa ajili ya rangi ya chungwa."

Alipita getini akiwa wima. Nyumbani hakukuwa mbali.

Mchana huohuo mashine mpya ziliwashwa. Makali alizisikia akiwa jikoni na dada yake, na kila ziliposaga tawi alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Hazikukata, zilitafuna. Majani yaligeuka meupe kwenye ncha, halafu kahawia, na matawi yakabaki na nyuzi zinazoning'inia.

Asubuhi dada alitoka kuanua nguo akakuta kamba ya nguo iko ndani ya Kampuni. Ua ulikuwa umehama. Ulikuwa umevuka njia ya miguu na mtaro, ukasimama uwani kwao na mizizi yake yote ardhini, udongo haujatifuliwa, kama vile ulipandwa hapo na babu zao.

"Njoo uone ua wako," dada alimwita.

"Si wangu tena."

"Basi njoo uone shuka lako, maana hilo ni lako."

Majirani walikuja, wakatazama, wakaulizana hali za watoto. Fundi viatu wa nyumba ya pili alilieleza jambo lile akiwa na misumari mdomoni. "Unachanwa upande wa ndani," alisema, "kwa hiyo unakimbilia nje. Hata mimi ukinichana nitahama." Hakuna aliyeona la kuongeza. Lililowaudhi ni njia ya miguu, kwa sababu sasa walilazimika kuzunguka kote nyuma ya bohari ili kufika sokoni.

Msimamizi naye alifika, akasimama upande wake wa majani, akawasalimu wote kwa heshima.

"Mpaka wa Kampuni ni ua," alisema. "Ni hivyo tangu zamani, na ninyi wenyewe mnajua. Ua uko hapa. Sisi tumekosa nini?"

"Mmeuchana mpaka umekimbia," Makali alimwambia.

"Sisi tunapunguza majani, mzee. Ua ukiamua kutembea, huo ni uamuzi wa ua."

Nguo zilitolewa getini baada ya dada kuonyesha kitambulisho. Shuka la Makali lilikuwa limekunjwa vizuri.

Mashine za chungwa zilikufa upesi. Moja ilitema gia yake ikiwa hewani. Nyingine ilikatika mpini. Nyingine iliendelea kunguruma huku visu vimesimama, na mfanyakazi aliyeishika akaendelea kuipitisha juu ya majani kwa muda mrefu, kwa sababu alilipwa kwa kupitisha. Makali alipoona gari la maboksi likiingia tena getini, alidhani wamejifunza. Akasogea kwenye ua, akachungulia katikati ya matawi. Maboksi yalikuwa yaleyale.

Hapo akaelewa. Mashine zile hazikununuliwa na mtu asiyejua kuchagua. Zilinunuliwa na mtu aliyechagua kwa makini. Kila zilipotafuna, ua ulisogea, na uwanja wa majani ambao hakuna aliyeukanyaga ukaongezeka kwa nyuma.

Ua ulipobakiza upana wa mlango tu kulifikia jiko, Makali alivaa kofia. Alikuwa amenoa asubuhi yote, na gazeti lilikuwa limegawanyika bila kuchanika.

"Nitausimamisha," alimwambia dada yake. "Ule ua unanijua."

Aliukata upande wa nje, kuanzia kona ya nyumba hadi kibanda cha fundi viatu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Mashine nzito ilipita ikinong'ona, na vitawi vikaanguka miguuni pake vyenye ncha za mviringo. Ua uliinama kidogo. Kisha ukamwegemea, kama mbuzi anayekunwa shingoni, na majani ya juu yakaigusa kofia yake. Makali alilipokea hilo kama heshima inayomstahili, akaendelea hadi petroli ikaisha.

Asubuhi jiko lilikuwa limekatwa katikati. Ua ulikuwa umemfuata. Ulipita katikati ya jiko, chini ya paa la bati. Mafiga yalikuwa upande wa Kampuni, na sufuria zote zilikuwa upande wa huku.

Dada alisimama na kiberiti mkononi.

"Umeunyoa vizuri," alisema.

"Nilidhani ua utaniheshimu."

"Umekupenda, mdogo wangu. Umekuja kuposa. Haya, mwambie mchumba wako anipe mafiga yangu."

Upande wa pili Kampuni ilikuwa tayari imemweka mlinzi, kijana mwembamba aliyekuwa mteja wa dada na aliyejulikana kwa kuomba ukoko.

"Shikamoo, mama," alisema kupitia majani.

"Marahaba. Makaa yangu ya jana bado yana moto?"

"Siruhusiwi kuangalia, mama." Akageuka, akaangalia. "Yana moto."

Dada hakulia, na hakwenda ofisini kuomba. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwenye jalala la Kampuni lililokuwa nje ya geti, akarudi na mojawapo ya mashine za chungwa zilizokufa. Akaitupa miguuni pa Makali.

"Itengeneze."

"Dada, hiyo haitengenezeki. Imefungwa kwa gundi."

"Basi iharibu mpaka iwake."

Aliiharibu. Alipasua plastiki kwa kisu cha moto, akaifunga gia kwa waya, akasafisha plagi, akaziba ufa wa tangi kwa sabuni. Ilipowaka ilitetemeka mikononi mwake kama kuku aliyeshikwa miguu. Aliizima, na bila kufikiri mkono wake ukaenda kwenye tupa. Dada akaiwahi, akaitia ndani ya nguo yake.

"Naitaka butu hivyohivyo."

"Unataka nichane ua mbele ya watu?"

"Kule ndani wanauchana mbele ya watu, wanalipwa, na wakitoka wanataka kula. Watakula wapi? Nitawapakulia heshima yako?"

"Hii heshima ndiyo iliyonifikisha hapa."

"Naona," dada alisema, akitazama jiko. "Imetufikisha wote."

Makali alivua kofia, akaitundika kwenye msumari wa mlango. Kisha akauchana ua. Meno ya bati yalishika matawi na kuyavuta badala ya kuyakata. Majani yalipasuka, utomvu ukamrukia mikononi, na tawi moja lilipolia alilisikia vizuri kuliko mtu yeyote pale. Majirani waligeuza nyuso, kama watu wanavyofanya mwanamume wanayemheshimu anapotokwa na machozi. Upande wa ndani mashine za Kampuni zikawashwa nazo. Ua ulijivuta kuingia ndani, ukakuta maumivu. Ukajivuta kutoka nje, ukakuta maumivu. Ukasimama palepale katikati ya jiko, ukitetemeka.

Haukusogea tena. Hilo lilikuwa limepatikana. Lakini mafiga yalibaki kule, na Makali hakuweza kula hata alipopikiwa kwenye jiko la kuazima.

"Nipe mimi hicho kidude," fundi viatu alimwambia siku ya pili. "Mimi sina jina la kupoteza kwenye majani. Nikikosea kiatu ndipo nitakapoona aibu."

Kuanzia hapo, kila mashine za ndani zilipoanza kunguruma, fundi viatu aliweka chini nyundo yake, akaenda kuwasha. Alichana vibaya kwa moyo wote, mchana kutwa ikibidi, huku wateja wake wakisubiri peku.

Makali alikaa mlangoni akiutazama ua. Ulikuwa umechakaa pande zote mbili, umejaa nyuzi, mwembamba kama mtu aliyetoka hospitali. Juu ulikuwa umeachwa. Vichipukizi vilisimama ovyo kama nywele za mtu aliyeamshwa, kwa kuwa Kampuni haikuwa na faida na kimo, na fundi viatu hakufika. Makali alifikiria hilo kwa muda. Ndani kulikuwa kwa Kampuni. Nje kulikuwa kwao. Juu hakukuwa kwa mtu.

"Naomba tupa yangu," alimwambia dada yake.

Dada alimtazama, akaitoa. "Unakwenda kuuomba msamaha?"

"Nakwenda kuukata."

Alinoa. Mkwaruzo, kimya, mkwaruzo, kimya. Alilowesha gazeti, likagawanyika. Akavaa kofia, akaazima ngazi ya jirani aliyekuwa mpaka rangi, akapanda na mashine nzito begani. Dada alimshikia ngazi huku akimwambia kwamba akianguka asimwangukie yeye. Makali aliwasha. Alipitisha visu juu ya ua kwa kimo kimoja, bila kushusha wala kupandisha mkono, mpaka juu kukawa tambarare kama meza. Ua uliacha kutetemeka. Alipofika mwisho alihisi majani yakimgusa kifuani, ingawa alikuwa ameyaacha usawa wa tumbo.

Asubuhi mizizi ilikuwa nje. Ua ulikuwa umenyanyuka kutoka ardhini urefu wa kiganja, mzima, ukimwaga udongo taratibu, na kuku wa fundi viatu walikuwa wakipita chini yake kwenda kudonoa uwanja wa Kampuni. Mashimo ya mizizi yalikuwa yameanza kujifukia. Bati za paa la jiko zilikuwa zimeinuliwa katikati. Makali alizifungua, akaziacha mbili wazi ili ua upate nafasi.

"Sasa unapanda," fundi viatu alisema.

"Unamfuata," dada alisema. "Panda tena."

Akapanda tena. Kila alipokata juu kwa meno makali, ua ulikwenda kuyatafuta. Ulipofika usawa wa goti, dada alilala kifudifudi, akajisogeza chini ya mizizi, akasimama upande wa pili akiwa na udongo kwenye nywele. Akapuliza makaa. Mlinzi alijikohoza.

"Mama, huruhusiwi kuwa hapa."

"Najua. Nipitishie sufuria iliyo upande wa pili."

Mlinzi akaivuta sufuria chini ya mizizi, akampa. Mchana aliomba ukoko.

Msimamizi aliitwa. Aliinama, akatazama chini ya ua, akaona miguu ya dada karibu na mafiga na foleni ya wafanyakazi wake wenyewe wakiwa na sahani. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kufikiri.

"Ua wetu uko palepale," alisema. "Isipokuwa uko juu. Kwa hiyo mpaka ni kivuli chake."

"Na saa sita mchana?" fundi viatu alimuuliza.

"Saa sita mchana mpaka unakuwa mwembamba zaidi. Lakini upo."

"Na kukiwa na mawingu?"

"Kukiwa na mawingu," Msimamizi alisema baada ya kufikiri, "mpaka ni popote."

Akaagiza kibao kitundikwe kwenye mizizi. Kiliandikwa HAPA NI ENEO LA KAMPUNI kwa herufi nyekundu, na upepo ukivuma kinageuka, kinawaambia hivyohivyo watu wa upande wa pili. Njia ya miguu haikurudishwa, na watu wanaokwenda sokoni bado wanazunguka nyuma ya bohari. Mlinzi bado anasimama kwenye mafiga, akimwambia dada kila asubuhi kwamba haruhusiwi, na dada bado anamjibu kwamba anajua. Gari la maboksi bado linakuja.

Makali hakuitwa tena kazini, wala hakwenda kuuliza. Ngazi ya mpaka rangi imekuwa fupi. Fundi viatu ameiunganishia nyingine kwa ngozi na misumari, na yeye mwenyewe huishika, kwa sababu hamwamini mtu mwingine na kazi yake. Makali hupanda polepole, kofia kichwani, mashine begani. Watu wapya mtaani humshauri atafute mashine nyepesi zaidi kwa umri wake. Yeye huwaruhusu wapitishe kidole kwenye meno, mara moja tu, halafu hawashauri tena.

Chini yake dada hupita na sufuria ya maji, kutoka chumbani mwake kwenda jikoni kwake, chini ya mizizi inayomdondoshea udongo mabegani. Zamani alitambaa. Kisha akawa anapiga magoti. Siku hizi anainamisha kichwa tu.

"Bado," anamwambia ndugu yake, bila kutazama juu. "Bado nainama."

Makali anavuta kamba, na mashine inawaka.